Dripu ya Mama Feza

Juzi nilikwenda kituo cha afya kimoja hapa mjini Kigoma, mgongo umenikaba. Binti aliyekuwa zamu, mzuri, sare imepigwa pasi hadi inameta, akanishika mkono. Nikadhani ananiamkia, nikaanza kuitikia marahaba. Kumbe anatafuta mshipa. Shikamoo yenyewe ilikuja baada ya sindano.

"Mjukuu wangu, hiyo ya nini?" nikamwuliza.

"Ni utaratibu, bibi. Anayeingia chumba cha dharura tunamwekea kanula, kimrija cha mshipani, tunamtoa damu ya vipimo vyote, halafu ndiyo daktari anamwona."

Nikamwambia nimeinua ndoo ya maji vibaya asubuhi, basi. Akacheka kwa adabu, akanipima malaria, sukari, mkojo na vitu vingine ambavyo sikuvielewa majina. Vyote vikarudi visafi. Daktari naye akaniambia niache kubeba ndoo, jambo ambalo hata jirani yangu wa Katubuka alikwisha kuniambia tangu mwaka jana.

Sikumkasirikia yule binti. Nitamkasirikiaje, na mimi nilikuwa fundi wa kutundika dripu kuliko yeye? Ila nilirudi nyumbani nikakaa kitandani, nikautazama ule mpira wa pamba uliobandikwa mkononi mwangu, nikamkumbuka Mama Feza mpaka nikalia. Kwa hiyo nawaandikia ninyi wanangu mnaoanza kazi hii. Nimestaafu, sina wa kumpa zamu, ila maneno ninayo.

Miaka ile watu walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita, kwanza Warundi, kisha wa ng'ambo ya Kongo, mimi nilikuwa muuguzi katika zahanati ndogo ufukweni. Tulikuwa na chumba kimoja cha dharura chenye vitanda sita, na hema nje. Mkuu wetu alikuwa tabibu mmoja wa Ujiji, Mzee Hilali, mtu wa kofia safi na maneno machache. Hadubini yake ilikaa dirishani kwa sababu ilitumia mwanga wa jua. Mawingu yakitanda, vipimo vinasimama, naye anatoka nje kuyatazama kana kwamba yamemtukana.

Mimi nilikuwa kijana na nilipenda kuonekana nafanya kazi. Kila aliyeshuka botini nilimtoboa kidole. Siku moja nilimpelekea Mzee Hilali trei nzima ya slaidi za damu. Akazitazama, akanitazama.

"Dafroza, mwanangu, umeniletea damu ya kijiji kizima. Huyu umeandika kakanyaga msumari. Huyu kaja kumsindikiza mwenzake. Mwenye homa yuko wapi?"

Mwenye homa alikuwa mtoto wa kike wa Kirundi, na slaidi yake ilikuwa ya chini kabisa, kwa kuwa mama yake alikuja mwisho. Mzee Hilali alipoifikia ilikuwa alasiri, na mtoto alikuwa ameshaanza degedege. Alipona, Mungu mkubwa. Mngedhani nilijifunza. Wapi! Kesho yake trei ilijaa vilevile, ila ya mtoto mwenye homa niliiweka juu.

Lakini ugonjwa wangu mkubwa ulikuwa dripu. Lazima mwelewe dripu ilikuwa nini pale. Mtu akipewa vidonge alivitazama na kusema, "Hivi si hata dukani vipo?" Akitundikiwa chupa, basi ametibiwa, na ndugu zake wanatulia. Walikuwepo wenyeji wa mjini waliokuja na uchovu tu wakaomba "kuongezwa maji", kisha wakapita sokoni mkono mbele, pamba ionekane.

Tena kwa wakimbizi kulikuwa na jambo jingine. Jumatano na Jumamosi lilikuja roli la kuwapeleka makambini, barabara ya Kasulu. Karani wa msafara alipita na daftari kitanda kwa kitanda, na sheria yake ilikuwa nyepesi: mwenye dripu mkononi habebwi, anabaki yeye na mtu mmoja wa kumwangalia. Wengine wote wanapanda. Na watu wengi hawakutaka kupanda, kwa sababu walipotezana ng'ambo. Huyu mumewe yuko boti ya nyuma, yule watoto wake wamesalia kwa bibi yao. Ukishapelekwa kambini, utampata wapi? Kwa hiyo walikaa wakilitazama ziwa.

Mama Feza alishuka na mtoto mgongoni. Sijui umri wake, labda hamsini. Kitenge chake kilikuwa kimelowa hadi kiunoni. Mtoto hakuwa wake. Alikuwa wa jirani yake aliyepotea siku ya kukimbia. Mtoto aliitwa Amani, miaka miwili, ngozi na mifupa, na anaharisha. Nikamlaza Amani, nikafunga mpira mkononi, nikachukua sindano. Nikahisi kiganja kinakaa juu ya mkono wangu.

"Sista, ngoya kwanza. Uyu mutoto, akilia, machozi iko inatoka?"

"Inatoka."

"Anakojoa?"

"Nguo yake imelowa."

"Ukimupa maji anameza?"

Nikaona ananichelewesha. Nikamwambia, "Mama, hebu nifanye kazi."

"Sasa kama anameza, unamutobolea nini?" Akaushika mguu wa Amani, akaubonyeza juu ya wayo kwa dole gumba, akaachia. Shimo likabaki. "Ona. Mutoto wa njaa kama uyu, moyo yake iko dogo. Ukimwangia maji mingi mara moja kwa mushipa, moyo inashindwa. Anaanza kuhema, kuhema, anaenda. Unipe kikombe na kijiko."

Wanangu, nilisimama pale na sindano yangu. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimempoteza mtoto wa namna hiyo hiyo. Dripu ilikuwa inakwenda vizuri, nami najisifu, na yeye akaanza kuhema, nikaongeza kasi ya dripu. Niliandika amekufa kwa kuhara. Ni pale, mkono wa mgeni ukiwa juu ya mkono wangu, nilipojua nilichofanya. Sikumwambia yeyote kwa miaka mingi. Sasa nimewaambia ninyi.

Mama Feza alikuwa muuguzi ng'ambo, hospitali ya mapadri, miaka zaidi ya ile niliyokuwa nimeishi. Alimnywesha Amani kijiko kimoja kimoja kutwa nzima. Akitapika, anangoja kidogo kama mtu anayesubiri chai ipoe, anaanza tena polepole. Siku ya tatu Amani alimnyang'anya kijiko. Mzee Hilali aliyaona hayo yote kutoka dirishani, akamwandika daftarini kuwa mwangalizi wa mtoto, na karani, ingawa hapakuwa na dripu, akauheshimu mwandiko wa tabibu, naye akabaki nasi. Waswahili wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi ndiye mwenyeji niliyepona.

Nilimfuata kila mahali. Alinifundisha kubana ngozi ya tumbo na kuona inarudi upesi au inakawia. Alinifundisha kushika mapigo ya kifundo cha mkono kabla ya kushika kitu chochote cha chuma. Alinifundisha kwamba mgonjwa anayelalamika kwa sauti kubwa mara nyingi anaweza kusubiri, na yule aliyenyamaza pembeni ndiye wa kukimbiliwa. Nikitaka kupima kitu, aliniuliza, "Ukishajua, utafanya nini?" Nikikosa jibu, alinipokonya sindano. Siku moja nilitaka kumpima malaria mzee aliyeumwa na jino. Mama Feza alicheka mpaka akakaa chini, na mzee naye akaanza kucheka, kisha akakumbuka jino lake akaacha.

Mchana alipika samaki wa migebuka kwa mawese na sombe, kisamvu cha kwao, jiko la mawe matatu nyuma ya hema, akanilisha kwa kunikaripia. "Sista asiyekula anaua bantu." Mpaka leo nikipita Gungu nikisikia harufu ya mawese mabichi yanapata moto, nasimama. Wapita njia wanadhani bibi amepotea. Sijapotea, nimemkumbuka tu.

Jina lake la Mama Feza lilitokana na bintiye, Feza, aliyekuwa na miaka kumi na tisa. Walitengana gatini siku ya kuvuka. Boti ilijaa, Feza akasukumwa nyuma, akapaza sauti kwamba atakuja na inayofuata. Kwa hiyo kila mlio wa injini ziwani, Mama Feza aliacha kijiko, akafuta mikono, akaenda hadi maji yakamfika magotini. Aliwatazama wote wanaoshuka, wa mwisho akishuka anarudi, anachukua kijiko. Mimi ndiye niliyekuwa nikiomba kimoyomoyo, Bwana, leo basi.

Lakini Amani alipona. Lilikuwa jambo la furaha, na ndilo lililotuponza. Mtoto akipona, mwangalizi wake hana kazi. Karani aliniambia Jumamosi: "Sista, huyu mtoto anakimbia. Jumatano wanapanda wote wawili."

Wiki ile Mzee Hilali hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kasulu kufuata dawa, na mvua ilikuwa imeiharibu barabara, gari dogo la zahanati limezama tope mbele ya Kidahwe, roli tu ndilo lililoweza kupita. Nilibaki mkuu wa kila kitu, mtu wa miaka ishirini na sita. Jumanne jioni nikamwita Mama Feza pembeni. Nikamwambia, "Kesho nitamtundikia Amani dripu kidogo, asubuhi tu, karani akipita."

Alinitazama vibaya sana. "Uyu mutoto? Na ile nilikufundisha?"

"Basi wewe. Lala wewe. Nitaifanya iende tone moja moja."

Alitazama ziwa. Nataka mjue kwamba hakuwa malaika. Alikuwa mama. Alisema, "Siku moja tu, Dafroza," na ndiyo mara ya kwanza aliyoniita kwa jina. Asubuhi nikampata mshipa kwa mara ya kwanza tu, mshipa mzuri wa mtu mzima wa afya. Karani akapita, akaona chupa, akafunua ukurasa. Roli likaondoka. Tulicheka kama wasichana walioiba karanga.

Nilichosahau ni kwamba watu wana macho. Mgonjwa huenda asione anachotundikiwa, ila mkimbizi anaona kila kitu. Siku hiyo hiyo alinijia mwanamke mmoja: "Sista, mume wangu yuko boti ya nyuma, nami nisaidie." Ningemkataliaje, na Mama Feza yuko pale kitandani? Akaja baba mmoja, watoto wake watatu wako ng'ambo. Akaja bibi. Nilijiona mtu mwema kuliko wote Kigoma. Hadi Ijumaa ile siku moja ya Mama Feza ilikuwa imegeuka tatu, na vitanda vyangu sita vyote vilikuwa na dripu, na juu yake hakuna mgonjwa hata mmoja. Chupa zilipofika ukingoni nikachukua ile ya mwisho iliyofungwa, nikaiviringisha ndani ya kitenge ambacho Mama Feza alikifanya mto wa kichwa. Hiyo ilikuwa yake, ya Jumatano inayofuata. Nilimwambia, "Usimwonyeshe mtu." Hakupenda, ila alikilalia kile kitenge.

Jumamosi asubuhi boti ikaja. Walimshusha mwanamume mmoja kwa mlango wa nyumba waliougeuza machela. Kuhara na kutapika tangu siku iliyotangulia. Macho yamezama, vidole vimekunjamana. Nikashika kifundo, hakuna mapigo. Nikambana ngozi ya tumbo, ikasimama vilevile. Nikamtilia maji mdomoni, yakatoka pembeni. Huyu, wanangu, ndiye mwenye haki ya dripu. Katika miezi yote ile, niliowatundikia wote, wenye haki ya kweli kama huyu walihesabika kwa vidole.

Nikakimbia stoo kana kwamba sijui kilichomo, nikafungua boksi. Tupu. La pili, tupu. Nikayageuza, nikayatikisa, sijui nilitegemea nini kidondoke. Nikarudi chumbani nikasimama katikati ya vitanda sita, kila kimoja na chupa inayodondoka kwa mtu mzima wa afya, wote wananitazama.

Mama Feza alikuwa ameshaketi. Alibana pamba, akaing'oa sindano yake, akaitoa ile chupa kutoka kwenye kitenge, akapita mbele yangu. Mishipa ya yule mwanamume ilikuwa imejificha yote, mimi ningeitafuta muda mrefu. Yeye aliupata mmoja kiwikoni kwa kuupapasa tu, macho ameyafumba. "Fungua yote," akasema. "Uyu ndiyo wa kufungulia yote." Akasimama ameishika chupa juu kwa mkono wake, na damu yake mwenyewe ikimchuruzika mpaka kiwikoni kwa pale alipong'oa.

Hivyo ndivyo karani alivyomkuta. Alisimama mlangoni na daftari lake, akamtazama kutoka chini hadi juu.

"Mama, naona umepona."

Nikadakia, "Hapana, huyu bado ana kizunguzungu, ameinuka kidogo tu."

"Sista, acha," akasema Mama Feza. "Miye ni muzima."

Alimngoja yule mwanamume mpaka mapigo yakarudi kifundoni, akaniwekea kidole changu pale niyahisi. Kisha akafunga kitenge, akambeba Amani. Pale kwenye roli nilimshika miguu, nimepanda juu ya gurudumu, nalia mbele ya watu wote. Aliniinamia akanifuta uso kwa kiganja. "Akikuya Feza, umuambie niko mbele." Roli likapanda kilima, nikabaki nimesimama pale mpaka moshi wake ukaisha.

Alasiri yule mwanamume alikojoa. Ninyi mnacheka, lakini kwa mgonjwa wa namna hiyo mkojo ni sherehe. Wenzake walipiga makofi. Niliwang'oa sindano wale watano waliobaki, mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyenilaumu.

Jumanne ikaja boti. Nilikwenda mimi majini badala yake. Akashuka msichana mrefu, mguu mmoja hauna kiatu, na kabla hajasema neno nilimjua kwa paji la uso. Nilimshika mikono yote miwili. Nikamwambia mama yako alikuwa hapa, alikaa nasi, Jumamosi wamempeleka kambini, utapanda roli kesho utamfuata.

"Alikuwa mugonjwa?" akauliza.

Nilidhani nampa habari njema. "Hapana! Alikuwa mzima kabisa."

Akaitoa mikono yake mikononi mwangu. "Sasa, kama alikuwa muzima, juu ya nini hakuningoya?"

Nilianza kumweleza habari za karani, na mtu wa machela, na chupa. Nikaona nazungumza naye kama na muuguzi mwenzangu, naye alikuwa mtoto anayemtaka mama yake. Nikaiacha habari katikati. Jumatano alipanda roli bila kunitazama. Nilisikia baadaye kwamba kambi ya kwanza, ile ya mama yake, ilikuwa imejaa, na roli lile lilielekezwa nyingine. Kama walionana, sijui. Miaka yote ya kazi yangu, mgonjwa yeyote aliyetoka kambini nilimwuliza habari zao kabla ya kumwuliza kinachomwuma. Nimestaafu na bado nauliza.

Mzee Hilali aliporudi nilimweleza yote nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakunikaripia. Alisema tu, "Ungekuwa na chupa moja stoo, Dafroza, yule mama angebaki amelala." Akaenda dirishani kwenye hadubini yake.

Basi, wanangu, mkitaka kumtoboa mtu ambaye hana haja, jiulizeni kwanza mtafanya nini mkishajua. Na kama mmoja wenu atafanya kazi ng'ambo, au kambi yoyote ile, akakutana na mwanamke aitwaye Feza, atakuwa mama mzima sasa, amwambie kwamba mama yake alimngoja. Alikuwa amelala kitandani anamngoja. Chupa ndizo zilizokwisha, na aliyezimaliza ni mimi.